Sikitu Ni Nani Yako

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikakaa kimya, kama nilivyozoea kusimama mlangoni kwako hadi uitikie marahaba ndipo niingie. Nimekaa hivyo muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mzima. Kisha nikashika tena kalamu.

Ni mimi, Sikitu. Jina hilo sikuwa nimeliandika kwa mkono wangu tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na wewe ukiliona kwenye karatasi yangu utajua kuna jambo limetokea. Limetokea, baba. Ndiyo maana nakuandikia.

Ni miezi minne sasa. Arobaini yako tuliisomea Tindiga, watu walikuja wengi, wakala, wakaondoka, na mimi nikarudi Mikumi kwenye nyumba yetu. Meza yako ya tiketi pale stendi imechukuliwa na mama mmoja anayekaanga chipsi. Tiketi siku hizi zinatoka kwenye kimashine kidogo. Abiria anataja jina, linabonyezwa, karatasi inatoka, anapanda. Hakuna anayemuuliza jina lake lina maana gani kwao.

Nami bado nipo mapokezi pale nyumba ya wageni. Natoka saa kumi. Napika, na mpaka leo sijaweza kupika wali wa mtu mmoja, mkono wangu unapima wa wawili. Kinachobaki nampelekea jirani, naye anapokea bila kusema kitu. Pale kazini wageni wananiita dada. Wengine wananiita mama, kwa adabu tu, kama wanavyomwita mwanamke yeyote wa umri wangu. Wewe ulipokuwa ukiniita mama ilikuwa tofauti. Sikuzaa, baba, unajua. Sauti iliyoniita mama kwa kunikusudia mimi ilikuwa yako peke yake, na nilikuwa siipendi. Nitakueleza.

Kwanza nataka kukumbuka meza ile. Nikitoka shule nilikaa chini yake, miguu yako huku na huku, nikasikiliza. Mtu akisema jina lake ulikuwa huandiki mpaka umuulize. "Kwenu lina maana gani?" Wenye haraka ya kuwahi Mbeya walikasirika, lakini wengi walicheka wakaeleza. Atupele akasema kwao maana yake ametupa, yaani Mungu. Shija akasema yeye ndiye aliyezaliwa baada ya pacha, baada ya Kulwa na Doto, na kwamba kwao Usukumani huwezi kujiita Shija hivihivi, lazima pacha wawe wametangulia. Ulipenda sana lile. Ulisema jina kama hilo linabeba habari za nyumba nzima.

Siku moja uliniinamia pale chini ukicheka hadi machozi. Ulikuwa umepanga watu watatu kiti kimoja cha nyuma: kijana wa Kimasai aitwaye Lemayian, Mnyakyusa aitwaye Lusajo, na fundi mmoja wa hapa hapa Kilosa aitwaye Baraka. "Wote watatu ni jina moja," ukaniambia. "Baraka, baraka, baraka. Watasafiri mpaka Iringa hawajuani." Nilitaka uwaambie. Ukasema waache, wakiongea wenyewe watagundua.

Na yupo yule dereva wa lori kutoka Malawi, aliyeharibikiwa pale stendi siku tatu. Aliitwa Mavuto. Ulipouliza akasema kwao maana yake ni matatizo, kwamba baba yake alifariki mama akiwa na mimba yake. Kisha ukamwambia na kwetu wapo, kina Tabu, kina Shida, kina Mashaka, karibu sana. Ukamletea chai. Ukamweleza hata habari za dada yako, Shangazi Semeni, jinsi bibi alivyokaa miaka bila kuzaa, watu wa mtaani wakamsema, na alipozaa akamwita mtoto Semeni, yaani haya, endeleeni kusema. Na wewe ukaitwa Shabani kwa sababu ulikuja mwezi wa Shabani, na bibi wakati huo hakuwa na ugomvi tena na mtu.

Mavuto alicheka. Nami nikatoka chini ya meza nikauliza, "Na mimi je, baba? Kwa nini Sikitu?"

Ulizishika zile karatasi za tiketi ukazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika. Ukasema, "Ni jina tu."

Baba, wewe uliyemuuliza kila aliyepita barabara ile. Kwa nini langu liwe jina tu?

Hukujua shuleni walivyonifanyia. Au labda ulijua. Tulipotoka Tindiga kuja Mikumi, baada ya mama kufariki, nilikuwa mgeni, na mwalimu alipoita majina asubuhi darasa lilikuwa likimalizia. Mwalimu anasema Sikitu, wao wanaitikia, "Kweli si kitu." Kila siku. Kwenye mchezo wa kamba, hesabu ikifika kwangu wananiruka, eti huwezi kuhesabu kisichokuwepo. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Neema, wazazi wake waliteremka kutoka milimani, Waanglikana, baba yake mzee wa kanisa. Yeye hakunicheka. Lakini nilikuwa namwangalia akiandika jina lake kwenye daftari, herufi zake nzuri, nikaona mtu akiwa na jina kama lile hata mwandiko unanyooka.

Darasa la saba akaja mwalimu mpya akajaza fomu za mtihani. Aliponifikia akauliza jina kamili. Nikasema, "Neema Shabani." Akaandika. Ilikuwa rahisi hivyo. Neema mwenzangu alinitazama, kisha akaninong'oneza, "Sasa wewe ni wajina wangu," na hakumwambia mtu.

Siku ya matokeo nilijificha nyumbani. Nilijua nimefaulu, nilichoogopa ni wewe. Uliacha meza ukaenda shuleni ambako walibandika orodha ukutani. Ulirudi na mkate na soda, vitu ambavyo hatukuwa tukinunua. Ukakaa kwenye kigoda karibu yangu, ukasema, na maneno yako nayakumbuka kama yalivyo:

"Sikitu, mwanangu, jina lako sikuliona. Nimelitafuta mara mbili, juu mpaka chini. Usilie. Utakaa na mimi stendi, nitakufundisha kukata tiketi. Watu wengi wazuri hawakuchaguliwa."

Nikasema, "Baba, mimi ni Neema."

Hukuelewa. Nikarudia. "Neema Shabani. Ndiyo mimi."

"Huyo namba kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Nilimwona," ukasema polepole. "Nikasema, huyu mtoto wa mwenzangu kafanya vizuri."

Nilingoja unichape. Ningefurahi kama ungenichapa. Ulinikatia mkate, ukasema Neema ni jina zuri, kwamba wenzetu wanaliimba kanisani na sisi tunalisoma kwenye Kurani, hivyo nimechagua jina la watu wengi. Kisha ukatoka nje, ukakaa kwenye ngazi mpaka adhana ya magharibi.

Na tangu siku ile, baba, hukuniita Sikitu tena. Hukuniita Neema pia. Ukaanza kuniita mama. "Mama, nipe maji." "Mama, umekula?" Watu waliona ni upendo. Mimi nilihesabu ni adhabu. Nilijua nimelitupa jina lako mbele ya watu, na wewe kwa heshima zako hukunigombeza, ila uliamua mtoto huyu hana jina mdomoni mwako. Miaka ishirini na minane. Nilipoolewa Dumila, ulipokuja kunitembelea ukasimama nje ya uzio ukaita, "Mama." Ndoa ilipoisha nikarudi na sanduku moja, ukasema, "Mama, chumba chako kipo." Hukuuliza chochote. Nililala siku ile nikiwa na shukrani na uchungu pamoja, nikitamani tu useme jina, lolote kati ya yale mawili.

Hata pale mwisho. Nilikaa kando ya kitanda chako wiki mbili nikingoja. Nilisema moyoni, mtu akifika pale husema yaliyokuwa yamebaki. Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa, "Mama, funga dirisha, vumbi linaingia." Nikafunga. Niliporudi kukaa ulikuwa umelala, na hukuamka.

Nimelibeba hilo dirisha miezi yote hii.

Sasa nikueleze kilichotokea. Kikao cha ukoo kilikaa Tindiga, wazee wakanichagua niwe msimamizi wa mirathi, kwa kuwa hakuna mwingine, mimi ndiye mtoto pekee. Waliandika muhtasari vizuri, wakaweka saini na dole gumba. Nikaenda nao mahakama ya mwanzo. Karani, dada mmoja mpole, akasoma, akachukua kitambulisho changu, akasoma tena.

"Dada Neema," akasema, "humu wamemteua Sikitu Shabani. Sikitu ni nani yako?"

Watu walikuwa foleni nyuma yangu. Nikasema, "Ni mimi."

"Una karatasi yoyote yenye jina hilo? Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki?"

Sina, baba. Cheti changu cha kuzaliwa nilikitafuta ukubwani, kwa jina la Neema. Kadi ya kliniki ilienda na mafuriko ya Tindiga. Nilijitafuta katika makabati yote ya nyumba yako, na huyo Sikitu hakuwa ameandikwa mahali. Wenzangu wale wa shule nilikumbuka walichokuwa wakisema. Nikaketi sakafuni chumbani kwako nikaona hatimaye wamepatia.

Karani alikuwa ameniambia kuna njia. Aje mtu mzima aliyenijua tangu kuzaliwa, aape mbele ya hakimu. Walionijua tangu kuzaliwa wamekwisha, amebaki Shangazi Semeni peke yake, huko Malolo. Nikampigia simu kupitia kwa jirani yake. Akasema atakuja, na akaja, na umri wake ule, amevaa kanga mpya na viatu vya kuazima, fimbo mkononi.

Hakimu alimwapisha, akamuuliza, "Bibi, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anaitwa nani?"

"Sikitu."

"Umemfahamu vipi?"

Shangazi akasema, "Nilimwokota jalalani."

Karani aliacha kuandika. Mimi nilishika ukingo wa benchi, nikafikiri labda hata ubaba wako sasa unaniponyoka. Hakimu akasema taratibu, "Bibi, fafanua."

Akafafanua. Alisimama na fimbo yake, akasimulia kama mtu anayesimulia habari za jana. Kwamba mke wa kaka yake alizaa mtoto wa kike, wakamwita Zawadi. Zawadi hakufikia kutambaa. Wakapata wa kiume, wakamwita Bahati. Naye hakufikia kutambaa. Hospitali walikwenda, dua zilisomwa. Ndipo mimba ya tatu ikaingia, na wewe, baba, ukasema majina yale mazuri yamekuwa kama mtu anayeita kwa sauti, njoo uone nilicho nacho. Ukasema wa tatu hatapewa jina la kutamanika.

Nilipozaliwa, asubuhi jua likichomoza, mama alinilaza kwenye ungo mkuukuu, na wewe ukanibeba hadi jalalani nyuma ya nyumba ukaniweka juu ya maganda ya mahindi. Shangazi alikuwa amepangwa apite njiani kama mpita njia. Akasimama akauliza kwa sauti kubwa, ili asikie yeyote anayepaswa kusikia, "Nani ametupa kitu hapa?"

Na mama, akiwa ndani, amelala, damu bado inamtoka, akajibu, "Hicho si kitu. Chukua ukitaka."

Shangazi akanichukua. Akakaa nami kwake hadi jua lilipopanda, kisha akanirudisha, akawaambia ninyi wawili, "Nimeokota mtoto, naomba mnilelee." Mkakubali. Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwenu, baba, kama mtoto wa mtu mwingine, ili nisionekane ni wenu.

"Kwa hiyo mheshimiwa," akamaliza, "kisheria sijui, lakini huyu ni wangu, nilimwazimisha kaka. Naye alimlea vizuri. Mpeni shamba la baba yake."

Hakimu alivua miwani akaifuta. Akaandika kwamba Sikitu Shabani na Neema Shabani ni mtu mmoja. Akagonga muhuri.

Nilimpeleka Shangazi kula pale karibu na stendi. Nilikuwa na swali moja tu, nikangoja hadi akamaliza samaki wake. Nikamuuliza mbona hukuniambia.

Akasema, "Jina la namna ile ukilieleza limekwisha nguvu. Ni kama kumfungulia mtu mlango ukamwonyesha ulipoficha. Baba yako alijua mwalimu wa madrasa angemkemea kwa mambo hayo, na pengine kwa haki. Hakujali. Hakutaka kujaribu aone kama na wewe utakwenda."

Kisha akaniambia hili. Kwamba wiki ile ya matokeo yangu ulipanda basi hadi kwake Malolo, ukafika hujala. Ukamwambia, "Dada, mtoto amejiita Neema, na limeandikwa serikalini. Nifanyeje?" Yeye akakujibu, usimkataze, ameshakuwa msichana, lakini na wewe usimwite. Ukauliza nimwiteje basi. Akasema mwite mama. Mama ni mtu mzima. Anayetafuta mtoto hatageuka akisikia mama.

Baba.

Miaka ishirini na minane ulikuwa unanificha. Nami nilikuwa nahesabu umeninunia. Nilikuwa nikipita mbele yako na uso wangu wa mtu aliyeonewa, nikikuwekea chakula bila maneno, na wewe unakula, unasema asante mama, huku moyoni bado unaogopa. Nilikuwa na miaka thelathini, arobaini, na bado unaogopa. Hata lile dirisha. Sijui. Labda kweli lilikuwa vumbi tu.

Ungeniambia. Hapana, nimefuta hilo, halafu nimeliandika tena, kwa sababu ndilo ninalotaka kusema. Ungeniambia hata mara moja, nilipokuwa mtu mzima, tukiwa wawili pale barazani. Ningelibeba jina lile mpaka kwenye kitambulisho. Lakini najua pia nani aliyekwenda kwa mwalimu akasema Neema. Hapo tumekosana sawasawa, mimi na wewe, na hakuna aliyebaki wa kutupatanisha.

Shangazi nilimpandisha basi la jioni. Kabla hajakaa nilimuuliza walizikwa wapi, wale wawili. Akashangaa kwamba sijui. Akasema pale Tindiga, kwenye kona ya shamba upande wa mfereji. Nikaikumbuka ile kona. Kila mwaka ulilima majaruba yote ya mpunga ukaiacha hiyo, ikaota nyasi, na mimi niliwahi kukuambia, kwa kiburi changu cha mtu aliyesoma, kwamba unapoteza ardhi. Ulijibu kwamba pale maji yanatuama.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Jioni ile nililia kwa ajili ya watu ambao sikujua nilikuwa nao. Miaka yote nimejaza fomu, idadi ya ndugu, nikaandika hakuna. Nimekaa mezani peke yangu nikaona ndivyo nilivyoumbwa. Kumbe walinitangulia wawili, wenye majina mazuri, na ninyi wazazi wangu mlikubali kutoyataja tena ili mimi nibaki. Mama alikwenda kaburini bila kuyasema. Na wewe. Nafikiri ulikuwa mpweke kuliko mimi, baba, uliyejaza basi zima kwa majina ya watu wengine.

Mimi sasa nina miaka arobaini na moja. Nilishatambaa, nilishatembea, nilishakuzika. Anayetafuta watoto hana habari na mimi tena, unaweza kupumzika. Nitashuka Tindiga Ijumaa hii na jembe. Shamba sitaliuza, na ile kona nitaipalilia kwa mkono, nitaizungushia mawe, hata kama sitajua yupi yuko wapi. Kisha nitasimama nimwite Zawadi, nimwite Bahati, kwa sauti, mchana kweupe, niwaambie mdogo wao amekuja. Nakuahidi nitafanya hivyo kila mwaka kabla ya kulima, mpaka nguvu zitakaponiisha.

Kaa salama na mama. Kama mko na wale wawili, waiteni mnavyotaka.

Ni mimi,
mwanao wa tatu.